Bomba lililohama ndani ya tope: kisa cha Ghuba ya Guanabara kikisomwa kutoka Port Reitz

Tarehe 18 Januari 2000, kabla ya mapambazuko, bomba la chuma la inchi 16 lililokuwa likipeleka mafuta mazito kutoka kiwanda cha kusafisha mafuta cha Duque de Caxias hadi gati la Ilha d'Água, ndani ya Ghuba ya Guanabara mjini Rio de Janeiro, lilipasuka. Saa kadhaa zilipita kabla hitilafu haijagunduliwa, na kwa muda huo takriban lita milioni 1.3 zikawa zimeshaingia baharini. Mafuta yalisambaa hadi kwenye mikoko, wavuvi na wakamata kaa wakakosa pa kuchumia riziki, na fukwe za kaskazini mwa ghuba zikapakwa weusi. Njia hiyo hiyo ya mafuta, baina ya kiwanda kile na gati lile, ilikuwa imeshavuja kwenye mikoko Machi 1997, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba balaa hili halikubisha hodi.

Katika ajali ya namna hii dhana tatu hutangulia: kutu, nanga ya meli, au mkono wa mtu. Wachunguzi walikuta jambo jingine. Bomba lilikuwa limeondoka mahali pake. Pale lilipopasukia, lilikuwa limesogea upande kwa takriban mita 4 kutoka mstari wake wa awali, likapinda kama upinde, ukuta wake ukaota kunyanzi upande wa ndani wa mpindo, na chuma kikapasuka papo hapo kwenye kunyanzi. Hakuna kitu kilicholigonga kutoka nje. Lilijisukuma lenyewe.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mtu wa Mombasa anayeisoma ramani ya Guanabara hasomi nchi ya kigeni. Ni mkono wa bahari uliofunikwa na tope laini, mikoko ukingoni, kiwanda cha mafuta nyuma yake na gati la mafuta mbele yake. Sisi tuna Port Reitz, tuna matangi ya Kipevu na Changamwe, ambako kiwanda cha kusafisha mafuta kilifanya kazi tangu 1963 hadi 2013, na tangu 2022 tuna gati jipya la mafuta la Kipevu lililojengwa majini, lenye nafasi nne za meli, ambalo mabomba yake yamepitishwa chini ya sakafu ya bahari hadi nchi kavu. Mikoko ya Port Reitz nayo inayajua mafuta: mwaka 2005 meli ilimwaga mafuta ghafi bandarini, na miti ikafa kwa ekari nyingi. Simaanishi kwamba mabomba ya Kipevu yana ugonjwa wa bomba la Guanabara. Nitaeleza huko mbele kwa nini hali zao zinatofautiana. Ninachosema ni kwamba kisa hiki kinazungumza lugha ya pwani yetu, na mhandisi au mpiga mbizi wa huku anaweza kukifuata hatua kwa hatua bila kukisia mazingira.

Tuanze na kani. Chukua ufito mrefu wa mkoko, uuweke chini, umwambie mwenzako ashike ncha moja nawe ushike nyingine, kisha msukumane. Ufito hautafupika, utachomoka kwenda upande. Boriti fupi na nene haifanyi hivyo. Bomba la baharini, kwa unene wake linaonekana kama boriti, lakini ukilipima kwa urefu wake ni ufito, tena ufito mwembamba mno: kipenyo cha sentimita 40 dhidi ya urefu wa kilomita kadhaa. Kinacholisukuma si watu wawili bali joto. Mafuta mazito hayatiririki yakiwa baridi, kwa hiyo hupashwa moto kabla ya kusukumwa na pampu, na chuma kilichoyabeba hupata joto na kutaka kurefuka. Ncha zote mbili zikiwa zimefungwa, na tope likiwa limelishika bomba njiani, urefu huo hauna pa kwenda, ukageuka kuwa kani.

Ni kani kubwa kiasi gani? Tufanye hesabu kwa bomba la kipimo hicho, tukichukulia ukuta wa milimita 9.5 na ongezeko la joto la nyuzi 60 za Selsiasi tangu siku lilipofungwa. Vipimo hivi viwili ni vyangu, vya kielelezo tu. Chuma hurefuka takriban milimita 11.7 kwa kila kilomita kwa kila nyuzi moja, maana yake bomba hili, kama lingekuwa huru, lingerefuka sentimita 70 kwa kilomita. Likizuiwa kabisa, kani ya kusukuma ndani ya ukuta wake hufika takriban tani 175. Mizani ya Mariakani huruhusu lori lenye uzito wa mwisho wa tani 56. Basi piga picha ya malori matatu yaliyoshiba, na kidogo juu yake, yakikandamiza kichwa cha ufito mmoja uliolala kwenye tope.

Hapa wengi hudhani kwamba shinikizo la mafuta ndani ya bomba ndilo adui mkubwa. Shinikizo lina sehemu yake, na sehemu hiyo ina ajabu yake: katika bomba lililozuiwa ncha zote, shinikizo la ndani huongeza mwelekeo wa bomba kupinda, ingawa macho yangedhani linalivuta na kulinyoosha. Hata hivyo, kwa bomba letu la kielelezo, shinikizo la baa 30 huongeza kiasi cha tani 14 tu. Joto ndilo bwana. Ndiyo maana bomba la maji baridi lenye shinikizo kubwa linaweza kulala chini ya mkono wa bahari miaka mingi bila kusogea hata shubiri, wakati jirani yake la mafuta ya moto, lenye shinikizo dogo, linajinyonganyonga kama samaki mkunga.

Kani peke yake haielezi kisa. Bomba la moto lililofukiwa vizuri kwenye mchanga mzito hubeba tani zile zile na kutulia. Sehemu ya pili ya maelezo ni tope, na hapa ndipo pana uzito wote wa jambo hili.

Tope la juu la Guanabara ni miongoni mwa udongo laini uliochunguzwa sana na wahandisi wa Brazili, na uimara wake karibu na uso ni kilopaskali chache tu. Tarakimu hiyo haimwambii kitu mtu asiyekuwa mhandisi, lakini miguu yake inaijua: mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja huweka chini ya unyayo wake shinikizo la karibu kilopaskali 27, na tope la namna hiyo haliwezi kulibeba, kwa hiyo huzama. Aliyewahi kwenda kusimika nguzo za wando kwenye tope la Port Reitz wakati wa maji kupwa anafahamu kwamba nguzo haishikwi na tope la juu. Hushikwa na kile kilichoko chini ya urefu wa goti au paja. Anajua pia jambo la pili lililo muhimu zaidi: nguzo ikishatikiswa mara kadhaa, tope linaloizunguka hulainika, maji huingia kwenye nafasi, na nguzo iliyokuwa imara asubuhi huchomolewa kwa mkono mmoja jioni. Udongo wa mfinyanzi ukivurugwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake na huhitaji muda mrefu kuzirudisha.

Bomba la moto hulivuruga tope kwa njia hiyo hiyo. Pampu zikiwashwa, chuma kinapata joto na kusukuma upande; pampu zikizimwa, kinapoa na kujivuta, lakini hakirudi pale kilipoanzia, kwa sababu nyuma yake tope limeshajaa na mbele yake limeshalainika. Mzunguko unaofuata huanzia pale ulipoishia uliotangulia. Hivyo bomba linachimba njia yake lenyewe, likisukuma kigongo cha tope mbele yake, na kila kuwashwa kwa pampu kunaongeza kidogo. Mtu akitazama siku moja haoni kitu. Akija baada ya miaka anakuta upinde.

Kwa nini upande, na si juu? Bomba hufuata njia yenye upinzani mdogo. Lililofukiwa ndani ya handaki lenye kuta imara haliwezi kwenda pembeni, kwa hiyo likishindwa huinuka, na mara nyingine huchomoza kwenye sakafu ya bahari kama mgongo wa nyangumi. Lililolala juu, au lililozama nusu katika tope jepesi, halina sababu ya kuunyanyua uzito wake lenyewe ilhali linaweza kuteleza. Elimu hii haikuanzia baharini. Ilianzia kwenye reli, ambazo siku za jua kali hupinda pembeni kwa sababu ile ile, na hesabu za reli ndizo alizoziendeleza Roger Hobbs wa Imperial College, London, alipochapisha mwaka 1984 uchambuzi wake wa kupinda kwa mabomba ya moto, ambao bado hufundishwa. Maana yake, bomba la Guanabara lilipopasuka, kanuni ya msingi ilikuwa na umri wa miaka 16. Kilichokuwa hakijajulikana vya kutosha ni tabia ya tope laini chini ya bomba linalokwenda na kurudi, na hilo kwa maoni yangu ndilo pengo lililoigharimu ghuba ile.

Turudi kwenye zile mita 4, kwa sababu zinashangaza. Bomba linalotaka kurefuka sentimita 70 tu kwa kilomita linawezaje kusogea upande kwa mita kadhaa? Jibu liko kwenye jiometri. Mpindo unapoanza mahali pamoja, bomba la pande zote mbili huteleza kuelekea hapo na kumwaga urefu wake wa ziada. Tukisema kwamba kilomita moja nzima, nusu upande huu na nusu upande ule, imeachia sentimita zake zote 70 ndani ya upinde wenye urefu wa mita 40, hesabu ya mkunjo wenye umbo la wimbi inatupa kilele cha mita 3.4. Hayo ni makadirio ya juu kwa masharti hayo, maana msuguano hauruhusu urefu wote ufike, lakini yanaonyesha jinsi kidogo kilichokusanywa mahali pamoja kinavyozaa kikubwa. Ufito wa mita moja ukisukumwa milimita chache hufanya vivyo hivyo, jaribu.

Sasa tazama kinachoupata ukuta wa chuma kwenye kilele hicho. Mpindo wa kiasi hicho hukifupisha chuma cha upande wa ndani, na kukirefusha cha upande wa nje, kwa takriban sehemu 4 katika 1000. Chuma cha kawaida cha mabomba huanza kupinda bila kurudi kinapopita takriban sehemu 2 katika 1000. Kwa hiyo bomba letu la kielelezo limeshafika mara mbili ya mpaka huo, ingawa halijapasuka. Chuma kizuri kina subira. Subira hiyo huisha kwa marudio. Kila pampu zinapowashwa na kuzimwa, mahali pale pale palipodhoofika hupinda tena na kunyooka tena, ukuta unaanza kukunjamana, na kunyanzi likishatokea mipindo yote inayofuata hukusanyika hapo kwa sababu ndipo palipolegea kuliko pengine. Waya wa chuma ukiupinda huku na huku mara nyingi hukatika, na hakuna fundi wa Kongowea au wa Majengo asiyelijua hilo, kwani ndivyo anavyoukata akikosa koleo.

Katika chumba cha uendeshaji, wakati huo wote, saa za shinikizo zilionyesha hali ya kawaida. Bomba linalohama halipotezi shinikizo wala mafuta mpaka dakika linapopasuka. Kifaa cha kukagua unene kinachosukumwa ndani ya bomba kingeweza kupita na kutoa ripoti ya ukuta wenye afya, kwa kuwa kutu haikuwa tatizo. Nimewahi kukaa kwenye vikao ambako ripoti ya unene wa ukuta ilisomwa kana kwamba ni cheti cha uzima wa bomba zima, na kila mara nilitamani mtu aulize swali moja tu: bomba lenyewe liko wapi leo? Tulijua unene wake kwa sehemu ya milimita, na mahali pake hatukupajua kwa mita.

Baada ya Guanabara na ajali nyingine za namna yake, utafiti ulishika kasi. Kampuni za mafuta na wahandisi washauri waliunda mradi wa pamoja uliojulikana kama SAFEBUCK. Vyuo vikuu vya Cambridge na Western Australia vilifanya majaribio ya vipande vya bomba vilivyosukumwa huku na huku katika tope, mengine yakiwa ndani ya mashine zinazozungusha kielelezo kidogo kwa kasi ili udongo wake ubebe mkazo wa udongo halisi. Majaribio hayo yalithibitisha kigongo cha tope ambacho wavuvi wetu wangekitambua: bomba linapotembea upande hulimbikiza udongo mbele yake, kigongo hukua kwa kila mzunguko, na kuna wakati kigongo hicho huwa kizuizi chenye nguvu kuliko tope lenyewe. Mwaka 2007 taasisi ya Norwei ya DNV ilitoa mwongozo mahususi wa kupinda kwa mabomba ya baharini, na kuanzia hapo mbunifu hakuwa tena na kisingizio cha kuchukulia msuguano kuwa tarakimu moja isiyobadilika.

Fikra kuu iliyozaliwa humo inaonekana kinyume mara ya kwanza mtu anapoisikia. Badala ya kulifunga bomba lisipinde kabisa, mbunifu anachagua mahali litakapopindia, na kulirahisishia kupinda hapo. Bomba hulazwa kwa mikato ya zigizaga, au hupitishwa juu ya magogo ya chuma yaliyowekwa sakafuni kila baada ya umbali fulani, au hufungwa maboya kwenye vipande vichache ili wepesi wake uyaite mapindo. Urefu wa ziada ukigawanywa kwa mapindo kumi, kila pindo hupokea kidogo na chuma hakivuki mpaka wake; ukiachwa utafute mahali pake wenyewe, unaweza kukusanyika pamoja kama ulivyokusanyika Guanabara. Bomba jipya la mafuta ya moto lililowekwa baadaye katika ghuba hiyo hiyo lililazwa kwa zigizaga. Mtu anayelitazama kwenye mchoro bila kujua kisa chake angedhani nahodha wa tishari alikuwa amelewa.

Ipo pia tabia nyingine, ya bomba kutembea kwa urefu wake. Likiwashwa, joto huanzia ncha moja na kusafiri hadi nyingine, na kutanuka huko kusiko sawa hulisukuma bomba zima sentimita chache kuelekea upande mmoja. Likipoa halirudi lote. Baada ya mamia ya mizunguko, bomba fupi linaweza kuibana au kuing'oa mitambo iliyoungwa nayo mwishoni. Guanabara haikuwa kisa cha kutembea, kwa hiyo sitakaa hapo.

Kwa Mombasa, jambo la kwanza la kupima ni joto la siku ya kufungwa. Bahari yetu ina vuguvugu, kati ya nyuzi 25 na 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hilo hutupunguzia tofauti ya joto tukilinganishwa na Bahari ya Kaskazini ambako sakafu huwa na nyuzi chache tu. Hata hivyo kinachohesabiwa ni joto la chuma wakati wa uchomeleaji wa mwisho. Bomba lililofungwa saa saba mchana wakati wa kaskazi, chuma kikiwa kimeshika jua, litabeba kani ndogo zaidi ya kusukuma kuliko lile lililofungwa alfajiri ya kusi, ijapokuwa mafuta ni yale yale. Tarehe, saa na joto la kiungo cha mwisho vinastahili kuandikwa na kuhifadhiwa, na mara nyingi haviandikwi.

La pili ni kina. Mabomba ya gati jipya la Kipevu yamefukiwa chini ya sakafu ya bahari ili kazi ya kuongeza kina cha mlango isiyaguse siku za usoni, na bomba lililo chini ya udongo mwingi halina njia ya kuteleza pembeni kama lile la Guanabara. Kani haipotei lakini. Huenda zake hadi pale bomba linapotoka ardhini na kupanda kuelekea gatini au nchi kavu, na hapo, kwenye viwiko na maungio, ndipo macho ya mkaguzi yanapohitajika zaidi. Hatari ya aina ya Guanabara ingekuwa kwa bomba dogo, la zamani au la muda, linalokatiza tope la ukingoni ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, mkondo ukilifukua huku na kulifukia kule.

La tatu ni mafuta yenyewe. Petroli na dizeli husukumwa bila kupashwa moto, kwa hiyo mabomba mengi ya bandari yetu hayajawahi kuijua kani tuliyoihesabu. Mafuta mazito ya mitambo ya umeme ni habari nyingine, na mafuta ya Turkana ni zaidi: yana nta nyingi, na yalipoletwa Changamwe kwa malori kabla ya mapipa 200,000 kusafirishwa nje kutoka Mombasa Agosti 2019, yalibebwa ndani ya matangi ya kupashwa moto. Bomba la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kuwa la moto kwa sababu hiyo hiyo. Mafuta ya moto yanaingia pwani ya Afrika Mashariki, na yakifika majini yatakutana na tope letu.

Anayetaka kujua kama bomba la moto linahama hahitaji mitambo ya ajabu. Anahitaji mstari wa kuanzia. Sona iliyofungwa kwenye boti ndogo, au mpiga mbizi mwenye alama zilizopigiliwa kwenye nguzo zilizofika udongo mgumu, hupima mahali bomba lilipo likiwa baridi, kisha hupima tena likiwa limeshapata joto kamili, kwenye alama zile zile na katika hali ile ile ya maji, ikiwezekana wakati wa maji mafu ambapo mkondo hauchafui tope sana. Kipimo cha baridi huchukuliwa kabla ya mafuta ya kwanza kupita na cha moto katika siku za kwanza za kazi, kwa sababu baada ya mizunguko michache tope limeshavurugwa, bomba limeshaanza kuchimba njia yake, na mstari wa awali haupatikani tena popote isipokuwa kwenye mchoro wa mkandarasi.